Yuliana Banzi, Karani Aliyezitafuta Tasnifu Zilizopotea

Ndugu mliopanda mlima huu tangu alfajiri, na ninyi wa hapa Kinole mliokaa nasi siku zote tatu, poleni na asanteni. Kwa desturi yetu Waluguru, marehemu husemewa na watu wa tumbo la mama yake. Mimi ni Evance Banzi, mdogo wake wa kumfuatia, mwalimu wa shule ya msingi, na kazi hii imeniangukia mimi.

Kabla sijasoma, nieleze kwa nini karatasi mliyoshika ni fotokopi na si ile nzuri ya rangi mliyotarajia. Chuo alichofanyia kazi marehemu kilijitolea kutuchapia ratiba ya mazishi. Tuliwapelekea wasifu wa kurasa nne. Jana mchana ulirudi ukurasa mmoja. Kuzaliwa kumo, ndoa imo, ugonjwa umo. Aya ya kazi, iliyokuwa ndefu kuliko zote, ilikuwa imebaki sentensi moja: "Marehemu alilitumikia Chuo kwa uaminifu katika nafasi mbalimbali." Nilipoisoma nilijisikia kama mtu aliyekunywa maziwa yaliyochacha. Nilimpa shemeji yangu Oscar, mume wa marehemu. Akaisoma, akaikunja, akasema, "Shemeji, shuka mjini kachapishe yote." Nikashuka. Ninayosoma sasa ni maneno ya familia.

Marehemu Yuliana Petri Banzi alizaliwa tarehe 14 Machi 1950 hapa Kinole, mtoto wa pili kati ya watoto sita wa mzee Petri Banzi na mama yetu Agnes, wote marehemu. Wazazi wetu walilima migomba, mananasi na mdalasini kwenye mteremko huu mnaouona nyuma ya nyumba. Tangu utotoni Yuliana alikuwa mtu wa kuona kinyaa. Hakula kilichofunikwa ovyo, wala hakunywa kwenye kata aliyoikuta chini. Siku moja, akiwa na miaka tisa, baba alichanganya magome ya mdalasini yaliyoota ukungu na magome mapya, kama walivyofanya wauzaji wengine, ili mzigo ujae. Yuliana alikaa uani akayachambua moja moja, mabaya akayatupa bondeni. Baba aliporudi akafoka, "Nani kakutuma?" Akajibu, "Hakuna, baba. Yananuka." Baba alitaka kumchapa, kisha akainama, akanusa mzigo uliobaki, akaingia ndani. Mama alituhadithia habari hiyo mpaka uzeeni, na kila mara alicheka peke yake kabla hajaimaliza.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1958 hadi darasa la nane mwaka 1965. Alifaulu, lakini nafasi za sekondari kwa wasichana zilikuwa chache na jina lake halikutoka. Alikaa nyumbani miaka miwili akimsaidia mama. Mwaka 1968 alikwenda Dar es Salaam kusoma uhazili, akarudi mwaka 1970 na cheti cha kupiga chapa na hati mkato. Walimu wake waliandika kwamba ana kasi, ni msafi, na "hapendi kuambiwa subiri". Walidhani wanamsema vibaya.

Tarehe 1 Julai 1972 aliajiriwa kama mpiga chapa katika chuo cha kilimo pale mjini, ambacho baadaye kilipandishwa hadhi kikaitwa Chuo Kikuu cha Bondwa. Alipiga chapa mitihani, barua na muhtasari wa vikao kwa miaka kumi na sita. Katika miaka hiyo hakuna aliyemjua nje ya chumba chake, naye hakutaka kujulikana.

Tarehe 8 Oktoba 1977 alifunga ndoa na Oscar Haule, fundi mitambo wa kiwanda cha nguo, mwenyeji wa Songea aliyekuja Morogoro kutafuta kazi. Posa yake ina kisa. Mshenga alipewa barua, akakaa nayo siku kumi na moja kwa sababu alisimama msibani, kisha harusini, kisha kwa rafiki. Alipofika, Yuliana hakuuliza habari za bwana. Aliuliza, "Barua ilikuwa wapi siku zote hizi?" Mshenga akababaika. Oscar alipoambiwa alicheka sana, akasema huyo ndiye mke anayemtaka, kwa sababu yeye mwenyewe ni msahaulifu. Walijaliwa watoto wawili, Magdalena na Ignas. Kiwanda kilipouzwa miaka ya tisini na shemeji yangu akapunguzwa pamoja na mamia ya wenzake, alinunua cherehani akawa fundi nguo barazani. Yuliana hakumwonea aibu hata siku moja. Alimpelekea wateja.

Sasa ile aya ya kazi.

Mwezi Februari 1988 Yuliana alihamishiwa ofisi ya masomo ya uzamili. Hao ni wanafunzi wenye shahada ya kwanza wanaorudi kusoma zaidi. Kila mmoja hufanya utafiti, huandika kitabu kinachoitwa tasnifu, msimamizi wake hukisoma, kisha hupelekwa kwa watahini, na akifaulu hutunukiwa. Masomo yale ni ya miaka miwili. Yuliana alipofungua kabati la ofisi alikuta tasnifu arobaini na tatu ambazo hazikuwa zimekwenda popote. Panya walikuwa wamezalia katikati yake. Moja ilikuwa imewekwa chini ya birika, ina duara la chai juu ya jina la mwanafunzi. Nyingine ilizuia dirisha lisipigwe na upepo. Mavi ya mende yalijaa kwenye kurasa kama mbegu za ufuta. Wenye tasnifu hizo walikuwa watu wazima wenye watoto, wengine wakiwa na miaka mitano au sita wakija kila mwezi kuuliza, na kila mwezi wakiambiwa, "Bado iko kwa mtahini."

Jioni hiyo alipita kwangu. Nilikuwa nafundisha mjini wakati ule. Alinawa mikono mara tatu kwa sabuni ya mche kabla ya kukaa.

"Evance," akaniambia, "nimesikia kichefuchefu kazini leo."

"Umekula nini?"

"Sijala kitu. Nimefungua kabati."

Alianza kwa kusafisha. Kisha akaanza kuuliza. Alikuwa karani tu, na karani hana mamlaka ya kumuuliza profesa. Aliandika madokezo ya heshima: naomba kujua tasnifu ya fulani imefikia wapi. Majibu hayakuja. Hii ilikuwa miaka ya ruksa, kila mtu alikuwa na mradi wake. Wahadhiri walifuga kuku wa nyama, walifungua mashine za kusaga, walikwenda semina juu ya semina. Sisemi walikosea kutafuta riziki, maana mimi mwenyewe niliuza ndizi baada ya vipindi. Lakini nilifundisha kwanza.

Hakuwa malaika, na familia haitaki kumfanya malaika. Wanafunzi wazembe aliwafokea mpaka wakalia. Kulikuwa na bwana mmoja aliyelalamika kwamba Chuo kinamchelewesha, Yuliana akamwambia mbele za watu, "Wewe sura ya pili hujaandika. Toka hapa, kaandike." Magdalena anakumbuka kwamba mara nyingi chakula cha jioni kilipikwa na baba.

Nije kwa Nasra. Nasra Hatibu yuko hapa na amenipa ruhusa kusema. Ni binti wa mkulima wa mpunga wa Turiani. Alianza uzamili mwaka 1987, akatafiti magugu yanayoharibu mpunga kwenye mashamba ya kwao, akiingia majini na vibarua. Yuliana ndiye aliyempigia chapa tasnifu yake, kurasa mia moja na thelathini na mbili. Ijumaa, tarehe 8 Novemba 1991, Nasra alimkabidhi msimamizi wake nakala zote nne ili azisaini na kuzituma kwa watahini. Msimamizi huyo alikuwa profesa. Jina lake nimeliacha kwa heshima ya marehemu, ambaye hakupenda kusema watu wakati wa maziko. Nitamwita Profesa, na inatosha.

Nasra aliuliza baada ya miezi mitatu. Profesa akamwambia imetumwa kwa mtahini wa nje. Aliuliza baada ya miezi sita, baada ya mwaka, baada ya mwaka na nusu. Jibu lilikuwa lile lile. Nafasi aliyoahidiwa kwenye kituo cha utafiti akapewa mtu mwingine. Baba yake, mzee Hatibu, aliugua mwaka 1993. Kila Nasra alipokwenda Turiani mzee alimuuliza, "Mwanangu, umemaliza?" Naye akajibu, "Karibu, baba." Mzee alifariki mwezi wa Oktoba mwaka huo, na neno la mwisho alilolisikia kutoka kwa binti yake juu ya masomo ni hilo karibu.

Baada ya msiba Nasra alikuja ofisini, akakaa, akamweleza Yuliana neno hilo la mwisho. Yuliana aliniambia kwamba neno lile lilimkata. Siku hiyo hiyo alikwenda masijala akaomba daftari la barua zitokazo. Alilisoma tangu Novemba 1991, mstari kwa mstari. Hakuna tasnifu ya Nasra iliyotoka. Haikutumwa Uganda, haikutumwa Nairobi, haikutumwa hata Dar es Salaam. Profesa alikuwa amedanganya kwa miezi ishirini na zaidi, akimtazama binti wa watu usoni.

Yuliana alimwendea, akamwamkia, akamwambia kwa adabu alichokiona. Profesa akamjibu, "Mama, wewe piga chapa. Mambo ya taaluma tuachie wenyewe."

Jumamosi, tarehe 12 Februari 1994, Yuliana alitoka sokoni akasimama kwa Bi. Asha, muuza vitumbua jirani na nyumba za wahadhiri. Akafungiwa vitumbua sita. Alipofika nyumbani akavitoa kwenye karatasi, na mkono ukabaki hewani. Karatasi ilikuwa imelowa mafuta, lakini maandishi yalisomeka: magugu, mpunga, Turiani. Herufi "e" ilikuwa imekatika mkia, kama ilivyokatika kwenye taipureta yake. Aliirudisha karatasi mezani akaitazama. Oscar alimuuliza kama vitumbua vina kasoro. Alisema, "Nimeipiga mimi hii."

Hakula. Alirudi kwa Bi. Asha.

"Shikamoo, bibi. Karatasi hizi unazipata wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Pale kwa Profesa. Mama mwenye nyumba hunipa, nami humpelekea vitumbua vya chai. Kuna tatizo?"

"Zimebaki?"

Zilibaki chache, Bi. Asha akampa zote. Yuliana akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Profesa. Profesa alikuwa semina Arusha. Mkewe, ambaye hakujua kitu na familia haimlaumu, alimkaribisha na kumwonyesha banda la vifaranga nyuma ya nyumba. Vifaranga mia mbili wa kuku wa nyama, na chini yao, badala ya maranda, zilitandazwa karatasi. Yuliana alipiga magoti bandani kwenye gauni lake la Jumamosi. Alizitoa moja baada ya nyingine kutoka chini ya vifaranga, zimeganda mavi na pumba, zimelowa maji ya kunywea kuku. Zilikuwa nakala za Nasra, na za watu wengine wawili aliowafahamu kwa majina. Mke wa Profesa akawa analia, anasema, "Mama Magda, sikujua. Aliniambia ni karatasi za kutupa."

Mimi nilimkuta nyumbani mchana ule akizianika kwenye kamba ya nguo. Harufu yake sijaisahau. Nilimwambia, "Dada, achana nazo, utapata ugonjwa." Akaniambia, "Nishikie vibanio." Nikamshikia.

Alhamisi iliyofuata kulikuwa na kikao cha kamati ya masomo ya uzamili, na Yuliana ndiye aliyeandika muhtasari. Alisubiri mpaka ajenda ya mengineyo. Kisha akasimama, akafungua mfuko wa plastiki, akazipanga zile karatasi juu ya meza ndefu mbele ya wajumbe. Profesa alikuwapo. Mwenyekiti wa kikao alishika pua.

"Bi. Yuliana, toa uchafu huu mezani!"

"Huu si uchafu, mheshimiwa mwenyekiti," akasema. "Huu ni ukurasa wa arobaini na saba."

Mjumbe mmoja aliyekuwapo ndiye aliyetuhadithia, na ameshafariki. Alisema Profesa alianza kupangapanga kalamu zake. Yuliana akasoma kwa sauti, kutoka ukurasa ule wenye mavi, aya moja juu ya namna magugu yanavyonyonya mbolea ya mkulima. Akaisoma mpaka mwisho. Halafu akatoa ombi lake. Hakuomba mtu aadhibiwe. Aliomba mambo matatu. Kila tasnifu ikiingia ofisini iwe na kadi, na kila anayeichukua asaini jina na tarehe. Mtahini apewe siku sitini, zikipita abadilishwe bila mjadala. Na kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi orodha ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, ionyeshe tasnifu ya nani iko kwa nani, na imekaa siku ngapi.

Walikubali palepale. Wengine walikubali kwa aibu, wengine ili lile rundo litoke mezani. Profesa hakupewa hata karipio. Yuliana ndiye aliyepewa barua ya onyo, kwa kuleta vitu visivyofaa kikaoni. Barua hiyo ninayo. Aliitunza kwenye bahasha safi, pamoja na vyeti vya ubatizo vya watoto.

Tasnifu ya Nasra aliipiga chapa upya yote, kutoka kwenye daftari za mkono alizokuwa nazo binti huyo, kwa wiki tano, baada ya saa za kazi. Ilipata msimamizi mwingine. Watahini waliijibu kwa siku hamsini na mbili. Nasra alitetea mwezi Septemba, akatunukiwa Desemba 1994. Miaka saba kwa masomo ya miaka miwili. Siku ya mahafali alikwenda kwanza Turiani, akasimama kwenye kaburi la baba yake, kisha akaja kwa Yuliana na gunia la mchele kichwani, bado amevaa joho.

Ubao ule uliwauma watu. Orodha ya kwanza ilionyesha mhadhiri mmoja amekaa na tasnifu siku elfu moja mia moja na tatu. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walisimama pale wakasoma kwa sauti. Kabla ya wiki kwisha, tasnifu hiyo ilirudi, imesomwa. Ndiyo kusema muda wa kuisoma ulikuwapo siku zote. Hili ndilo lililomchukiza dada yangu kuliko panya na mende. Alisema, "Hawakushindwa, Evance. Hawakujali tu." Hadi katikati ya mwaka 1996, kati ya wale arobaini na watatu wa kabatini, thelathini na wanane walikuwa wametunukiwa. Wawili walikuwa wamefariki wakingoja. Watatu walikata tamaa, wakakataa hata kujibu barua. Wanafunzi wapya walikuwa wanamaliza kwa miaka miwili na miezi michache.

Septemba 1996 Profesa aliteuliwa kuwa mkurugenzi wa masomo ya uzamili. Wiki ya pili Yuliana alipewa barua ya uhamisho kwenda ghala la shamba la Chuo, kuhesabu mifuko ya mbolea na mipini ya majembe. Mpiga chapa mwenye miaka ishirini na minne kazini. Ubao ulibanduliwa orodha, yakawekwa matangazo ya kuku. Kadi zilitiwa kwenye boksi, na boksi halikuonekana tena. Mwaka uliofuata wanafunzi walianza tena kuambiwa, "Bado iko kwa mtahini."

Walimfuata ghalani. Walikaa juu ya mifuko ya mbolea, pua zinawasha, naye akawafundisha. Akawaambia Chuo kikikosa kadi, kila mmoja awe na kadi yake. Aliwachorea mistari kwenye kipande cha boksi: nimekabidhi nini, kwa nani, lini, sahihi yake. "Usiondoke bila sahihi," aliwaambia. "Akikuambia kalamu haina wino, mpe yako." Walikuwa wanamwogopa yeye kuliko walivyoogopa maprofesa, kwa hiyo hawakuondoka bila sahihi. Mwenye kadi iliyosainiwa hakuweza kudanganywa. Wengi waliokuja leo ni wa kadi hizo za maboksi.

Juni 1999 alipunguzwa kazini pamoja na watumishi wengine. Hapakuwa na kuagwa. Aliacha funguo za ghala kwa mlinzi.

Mwaka 2000 wafadhili waliuliza kwa nini wanafunzi wa Bondwa wanachelewa. Profesa akawasomea kwenye warsha kitu alichokiita mfumo wake wa ufuatiliaji: kadi, siku sitini, orodha ya kila mwezi ubaoni. Alipigiwa makofi, akapewa cheti, kikatundikwa ofisini. Nasra alikuwapo, kwa kuwa sasa ni mtafiti. Alileta nakala ya fomu mpya. Tukaitazama watatu barazani kwa Yuliana, shemeji akishona. Kwenye safu ya mwisho imeandikwa "Tarehe ya Kurejshwa", herufi e imeruka. Kosa hilo alilifanya Yuliana kwenye kadi zake za mwaka 1994, kwa haraka, na lilimkera miaka yote. Profesa alikuwa ameinakili fomu bila hata kuisoma.

Dada yangu alitema mate chini. Sikuwahi kumwona akitema mate mbele za watu. Akaingia ndani, akanawa, akarudi.

"Nasra, lakini wanamaliza?"

"Wanamaliza, mama. Mwaka huu wamemaliza kumi na tisa."

"Kwa wakati?"

"Wengi kwa wakati."

"Basi," akasema. "Wamwambie aweke ile e."

Yeye aliridhika na hilo. Mimi sijaridhika, na nimepewa nafasi ya kusema hapa, kwa hiyo nasema. Mtu aliyewatandikia vifaranga jasho la watoto wa wakulima alipandishwa cheo. Mtu aliyepiga magoti bandani kuliokota alipelekwa ghalani. Halafu jana wakatuletea sentensi moja. Mimi naona kinyaa.

Agosti 2001 Yuliana alianza kulalamika tumbo. Tulidhani ni vidonda. Hospitali ya mjini ilimpeleka Dar es Salaam, na mwezi Novemba tukaambiwa ni saratani ya tumbo, imeshasambaa. Alimuuliza daktari maswali mafupi, akaandika majibu kwenye daftari, akamshukuru. Oscar alimuuguza kwa mikono yake, hakuruhusu mtu mwingine kumfulia. Mwezi Mei mwaka huu aliomba aletwe hapa Kinole, kwenye hewa ya baridi. Magdalena aliacha kazi yake Dodoma akaja kukaa naye, na yale ya chakula cha jioni waliyazungumza wakayamaliza, mama akimwomba radhi binti yake.

Wiki ya mwisho alikuwa akimuulizia mwanafunzi mmoja, Jesca, aliyemchorea kadi barazani kwake, ambaye mtahini wake alikuwa amepitisha siku sitini. Kila nilipoingia aliniuliza, "Umeuliza?" Nilidhani homa inamsemesha. Jumatatu nilipanda gari nikashuka Chuoni, nikauliza. Jesca alikuwa ametetea asubuhi ile, amepita. Nilirudi jioni nikamwambia. Alinitaka nirudie tarehe. Nikarudia. Akafumba macho, akasema, "Haya."

Yuliana Petri Banzi alifariki dunia Jumanne, tarehe 9 Julai 2002, saa mbili asubuhi, mikononi mwa mume wake, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili.

Ameacha mume, Oscar Haule, watoto wawili, Magdalena na Ignas, wajukuu watatu, ndugu wanne, nikiwamo mimi, wajomba na wapwa wengi wa ukoo wetu, na Nasra Hatibu, ambaye familia imemhesabu kuwa mtoto wa nyumba hii.

Chuo kimeleta gari na walinzi sita wenye sare ili wabebe jeneza. Tunawashukuru walinzi hao, maana wametumwa tu, na chakula chao kipo. Jeneza lakini lina wabebaji wake. Naomba wote mliomaliza masomo kwa mkono wa dada yangu, wanaume kwa wanawake, msogee mbele. Msione haya. Nasra, shika upande wa kichwa. Jesca, njoo, hata kama hujavaa joho bado. Njia ya kaburini ni nyembamba na ina mteremko, pokezaneni. Ninyi wengine mlioketi viti vya mbele, tupisheni tupite.

Yuliana, dada yangu, Bwana akulaze mahali safi. Upumzike kwa amani.